Sura ya Tisa: Weupe wa Kanzu

Mvua ya masika ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na maji ya Jangwani yalikwisha kupanda barabarani. Kila aliyeingia kituoni aliingia na matope yaliyonuka mitaro. Inspekta Benedikta Komba alikung'uta mwavuli wake, akauegemeza pembeni, akavuta kiti mbele ya runinga ya kituo na kuomba mkanda urudishwe mwanzo.

"Utauchakaza huo mkanda, Benedikta," alisema mkuu wake, Mrakibu Pius. "Kilichomo tumekwisha kukiona wote. Mtu ametoka ghalani, koti la bluu, gunia begani. Kesho asubuhi Bakili anasomewa shitaka la mauaji. Jalada nalitaka mezani kwangu leo hii."

"Utalipata, afande. Naomba niutazame tena."

Jumapili iliyotangulia, maduka yakiwa yamefungwa, ghala la vitambaa la Bwana Vasant lilikuwa limeungua katika uchochoro ulio nyuma ya Mtaa wa Narung'ombe, na ndani yake alikuwa amefia mlinzi, Mzee Mwinyimvua. Shahidi wa macho hakupatikana. Ila muda mfupi kabla ya moto, msafara wa harusi ulipita kwenye mdomo wa uchochoro huo, na mpiga video wa harusi, pasipo kukusudia, akalinasa lango la ghala. Kipande hicho kilinakiliwa kwenye mkanda wa deki na kuletwa kituoni bila sauti. Kilimwonyesha mtu langoni, gunia likiwa limemficha uso.

Mahamali wa mtaa ule huvaa makoti ya bluu. Bakili alikuwa hamali. Aligombana na marehemu siku mbili kabla ya moto kwa sababu ya upakuaji wa mizigo. Na alipoulizwa alikuwa wapi Jumapili jioni, alijibu kwamba alilala chumbani kwake, peke yake. Juu ya hayo yote, Haruna, mtoto wa marehemu, aliletwa kituoni kutoka buchani sokoni alikofanya kazi. Aliutazama mkanda huku machozi yakimchuruzika, akanyoosha kidole na kusema, "Ndiye. Bakili huyo, naujua mwendo wake."

Benedikta alikuwa ametoka kumwona Bakili mahabusu. Mtu huyo, mpana wa mabega, alikuwa amejikunyata kwenye kona ya chumba kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Afande," alimwambia, "mimi nitanyongwa kwa ajili ya koti?"

Benedikta alitoka, akaenda kuuomba mkanda.

Sasa alimwonyesha mkuu wake mambo mawili, moja baada ya jingine, kama kawaida yake. La kwanza lilikuwa kufuli la shaba, kielelezo kilichookotwa kwenye majivu. Zimamoto walikuwa wamevunja komeo la lango, lakini kufuli lenyewe lilibaki limefungwa. Alilifungua kwa ufunguo wa Bwana Vasant, akalibana kwa nguvu. Halikushika.

"Halijifungi kwa kubanwa, afande. Sharti ugeuze ufunguo. Aliyetoka mle ndani alisimama, akafunga kwa utulivu."

"Alimpora mzee ufunguo. La pili?"

"La pili ni hili." Alisimamisha picha. "Hapa mtu yuko langoni. Hapa, papo hapo, amefika pembeni mwa ukuta. Katikati hakuna kitu. Hatua zake zimekwenda wapi?"

Pius alikaribia runinga, akakunja uso. "Umekatwa."

"Au umekatika. Nataka kujua lipi kati ya hayo."

"Nenda. Lakini kumbuka, bila mtu mwingine wa kumweka mahali pa Bakili, mimi nashitaki nilichonacho."

*

Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa, kamera ndogo za kutoka Dubai zilikuwa zimejaa Kariakoo, na kila mtaa ulikuwa na mpiga video wake. Wa Mtaa wa Sikukuu alikuwa Seifu, aliyeipiga harusi ile, mtu mrefu mwenye maneno mengi, aliyezaliwa kwenye nyumba ile ile aliyofanyia kazi. Studio yake ilikuwa ghorofani, juu ya mafundi cherehani. Aliyeketi mbele ya kompyuta alikuwa Shivani, mhariri wa picha, binti wa mwenye duka la kupigia picha katikati ya mji.

"Shikamoo, afande," alisema Seifu, akifagia waya kwenye kiti kwa mkono. "Karibu. Samahani kwa vurugu."

"Marahaba. Nani aliyeukata mkanda ulioletwa kituoni?"

Seifu alimtazama Shivani. Shivani alijibu bila kuinua macho.

"Mimi sijakata kitu, dada. Nilivuta kipande mlichotaka, nikakinakili, basi."

"Mtu haruki kutoka langoni hadi ukutani."

"Hajaruka yeye. Imeruka hii," alisema Shivani, akaigonga kompyuta ubavuni. "Ni nzee. Inapovuta picha kutoka kwenye kamera, diski ikielemewa inaacha picha kadhaa njiani, na haikuambii. Kama mtoto anayesoma kwa sauti akaruka mstari. Usipokuwa na kitabu mkononi hujui."

"Na ikaruka pale pale ninapopahitaji mimi?"

"Umepewa ukurasa mmoja tu, ndiyo maana unaona pengo moja. Mapengo yamo kila mahali. Mama wa bwana harusi amekuja hapa kutugombeza, anasema mwanawe anacheza kama karagosi."

"Kweli kabisa," alisema Seifu. "Ametuita wachawi."

Benedikta aliomba kitabu chenyewe, yaani mkanda halisi, ule mdogo uliokuwamo ndani ya kamera siku ya harusi. Seifu aliuchomeka kwenye kamera na kuiunganisha na runinga. Picha ilitokea, ikatetemeka, kisha ikavunjika vipande vya mraba, kama vigae vilivyomwagwa sakafuni.

"Umeharibika?" aliuliza Benedikta.

"Ni vumbi tu kwenye kichwa kinachosoma mkanda." Seifu alifungua mlango wa kamera, akavuta pumzi apulize ndani.

"Mate hayo, Seifu!" Shivani alimnyang'anya kamera. "Kila siku namwambia. Halafu analalamika vichwa vinakufa."

Alipitisha ndani yake mkanda maalumu wa kusafishia, kwa muda mfupi tu, akautoa na kuurudisha ule wa harusi. Vile vigae vilikusanyika polepole, vikawa uso wa mtu, vikawa mlango, vikawa uchochoro.

Mtu wa gunia alitoka. Safari hii hakuruka. Aliingiza ufunguo kwenye kufuli, akaugeuza, akautia mfukoni. Alipiga hatua chache kuja upande wa barabara. Kisha aligeuka, akalitazama lango kwa kitambo, na ndipo alipoondoka akiambaa na ukuta. Gunia bado lilimficha uso.

"Mwizi aliyechoma ghala anafunga mlango?" alisema Benedikta, kana kwamba anaiuliza kompyuta. "Mgeni huiba akakimbia. Anayefunga ni mtu anayejali mlango utakutwaje." Alivuta kiti chake mbele. "Seifu, uanze mwanzo kabisa. Nataka kuiona harusi yote."

"Yote? Ni ndefu, afande. Hata wenyewe waliruka hotuba."

"Mwanzo kabisa."

Harusi ilianza chumbani, bwana harusi akivishwa joho chini ya globu iliyowashwa kwa jenereta, kwa kuwa siku ile mtaa ulikuwa kwenye mgawo wa umeme. Kanzu yake ilimeremeta nyeupe kama maziwa yaliyochujwa. Kamera ikatoka nje pamoja na watu. Benedikta aliinua mkono.

"Simamisha. Wale wazee wamevaa sare?"

Seifu alicheka. "Sare ya nini? Wale ni wajomba zake. Kanzu za kawaida tu, nyeupe."

"Mimi naziona za bluu."

Shivani aliegemea mbele. Msafara mzima, wanaume wote waliosimama barazani siku ile ya mawingu, walikuwa wamevaa kanzu za bluu hafifu, na nyuso zao zilikuwa na rangi ya majivu. Kwenye mlango wa kinyozi ilining'inia bendera ya timu ya Jangwani. Kijani chake kilikuwapo, lakini manjano yake ilikuwa imepauka hata haikutofautiana na jivu.

"Kituoni tulidhani ni ubovu wa runinga," alisema Benedikta. "Seifu, kamera yako inajuaje kwamba kitu ni cheupe?"

"Inaonyeshwa." Sauti yake ilikuwa imepungua. "Tunaita waiti balansi. Unaielekeza kwenye kitu cheupe, unabonyeza, inashika kwamba hapa, kwenye taa hii, weupe ndio huu. Rangi nyingine zote inazipanga kutoka hapo. Ukihama mwanga, unaionyesha upya."

"Ulionyesha nini?"

"Kanzu ya bwana harusi."

"Na ulipotoka nje?"

Seifu alijikuna shingo. "Matarumbeta yalikwisha kuanza, watu wanasukumana, nikasahau. Sikuionyesha tena."

"Seifu!" alisema Shivani. "Si nilikununulia karatasi ngumu nyeupe kwa kazi hiyo?"

"Karatasi yako iliniponza, bibie. Nyumba za huku huwezi kumwinulia bwana harusi kitu cheupe usoni. Harusi ya kwanza nilikunjua kitambaa mbele ya kifua chake ili nipime. Bibi yake akapiga ukelele: huyu anampimia mjukuu wangu sanda! Nilitolewa nje na kamera yangu. Tangu hapo wote tunaofanya kazi Kariakoo tunapima kwa kanzu. Haina ubaya, tayari ameivaa."

Benedikta alikuwa bado anaitazama picha. "Kanzu hiyo ilikuwa nyeupe?"

"Ya hariri, ya Muskati..." Aliendelea kwa shida. "Ilikuwa rangi ya maziwa mtindi. Ina umanjano."

Shivani alishika kichwa chake. "Umeiambia kamera kwamba umanjano ndio weupe. Tena chini ya globu, ambayo yenyewe ni ya manjano. Ikatia bluu ili kusawazisha. Halafu ukatoka nayo nje kwenye mawingu."

"Kwa hiyo nguo nyeupe nje..." alisema Benedikta.

"Inakuwa ya bluu," alijibu Shivani.

"Na ya bluu?"

Shivani aliupeleka mkanda mbele hadi uchochoroni. Nyuma ya mtu wa gunia, hamali mmoja alikuwa akisukuma mkokoteni. Koti lake lilikuwa la rangi ya wino uliomwagika, karibu na weusi. Wote watatu walimtazama hamali huyo, kisha wakamtazama mtu wa gunia, ambaye koti lake lilikuwa hafifu kama kanzu za wajomba.

"Hiyo ni hoja," alisema Benedikta na kusimama. "Mahakama itataka kuiona kwa macho. Tukaazime kanzu."

*

Bi Siwema, mama wa bwana harusi, aliwapokea ukumbini akiwa na ufagio mkononi, kwa maana maji yalikuwa yakiingia chini ya mlango.

"Shikamoo, mama," alisema Benedikta.

"Marahaba, mwanangu. Na huyu karagosi wenu kafuata nini? Mwambie kwanza anirudishie mwanangu alivyokuwa anacheza."

"Tumekuja kuazima kanzu aliyoolea mwanao."

Bi Siwema aliuweka ufagio chini. "Kanzu ya mwanangu imeshitakiwa?"

"Haijashitakiwa, mama. Inatoa ushahidi."

Aliwaangalia mmoja mmoja, akaenda kuitoa sandukuni, imekunjwa na kutiwa asmini. "Ikirudi na doa," alimwambia Seifu, "nitakuita mchawi mbele ya kadhi."

Walifanya kila jambo kama lilivyofanyika siku ya harusi: chumba kile kile, globu ile ile, jenereta ile ile. Seifu aliielekeza kamera kwenye kanzu, akabonyeza. Kisha wakatoka, Shivani akiikinga kamera kwa mwavuli, hadi mbele ya lango lililoungua. Benedikta alisimamisha askari wawili. Mmoja alivaa koti la Bakili, lililokuwa kielelezo. Mwingine alivaa koti jeupe lililoazimwa kwenye duka la dawa la jirani.

Walipoitazama picha, koti la Bakili lilikuwa limeiva kama wino. Koti la duka la dawa lilikuwa la bluu hafifu, sawasawa na lile la mtu wa gunia.

Mrakibu Pius, aliyeitwa aje kushuhudia, aliomba arudishiwe picha hiyo, kisha akaiomba tena.

"Sawa," alisema hatimaye. "Hakuwa na koti la bluu. Lakini makoti meupe Kariakoo yamejaa, Benedikta. Wauza dawa, wauza nyama, mabwana afya. Nitamweka nani mahali pa Bakili?"

"Bwana Vasant alikuwa Tanga na familia yake, ufunguo wake alikwenda nao. Wa pili alikaa nao Mzee Mwinyimvua. Bwana Vasant anasema mzee hakumruhusu mtu kuvuka kizingiti kile, isipokuwa mmoja aliyemletea chakula kila siku. Mtu huyo hufanya kazi buchani. Na ndiye aliyekaa mbele ya runinga yetu akamtaja Bakili."

Mvua ilikuwa ikidondoka kutoka kwenye mabati yaliyojikunja kwa moto.

"Yule alilia, Benedikta. Mimi mwenyewe nilimpa kitambaa changu."

"Najua, afande."

"Mwite. Akikiri, Bakili halali rumande leo."

Waliporudi studio, kabla Haruna hajafika, Shivani alimvuta Benedikta pembeni, akamvisha visikizio vya masikioni. Mkanda huo, alimweleza, ulikuwa na sauti mbili. Moja ilitoka kwenye maikrofoni iliyofungwa karibu na matarumbeta; nyingine ilitoka kwenye kamera yenyewe. Wakati wa kuhariri alikuwa ameizima hiyo ya pili, kama desturi, kwa kuwa huwa na kelele za mitaani. "Nimeifungua sasa hivi tu," alisema. "Sikiliza, dada." Benedikta alisikiliza hadi mwisho, akavivua, akamwomba asimweleze mtu.

*

Haruna aliingia studio akiwa amefuatana na koplo. Alikuwa amevaa shati la msiba, na macho yake yalikuwa mekundu. Benedikta alimpa pole, akamwonyesha kiti.

"Tunataka uutambue mkanda upya. Tumeurekebisha rangi."

Shivani aliiachia picha. Kanzu za wajomba zilikuwa nyeupe, bendera ya Jangwani ilikuwa ya manjano na kijani. Mtu wa gunia alitoka langoni na koti jeupe, lenye madoa mekundu ya zamani kwenye mikono.

"Huyu ni nani, Haruna?"

"Picha mmeichezea."

"Tumeichezea ilipokuwa ya bluu. Sasa ndiyo ilivyokuwa. Juzi uliutambua mwendo, ukanyoosha kidole. Mwendo ni ule ule. Nani huyu?"

Chini, cherehani za mafundi zilisikika, zikasimama, zikasikika tena.

"Nilidhani baba amekwenda kuswali alasiri," alisema Haruna, akiitazama sakafu. "Nilikuta lango limerudishiwa tu, kufuli linaning'inia na ufunguo wake. Ndivyo alivyozoea, anavuka msikitini mara moja, anarudi. Nikasema nichukue majora mawili ya vitenge, Mhindi hatajua. Ndani giza, umeme hakuna. Nikawasha mshumaa, nikauweka juu ya robota. Nikasahau kuuzima."

"Ukafunga."

"Nilifunga ili asilaumiwe kwamba aliacha wazi. Wallahi, afande, sikujua yumo. Alikuwa amelala nyuma ya marobota. Moshi ulimkuta usingizini. Hakujua lolote, ndilo linalonipa nguvu. Hakujua lolote."

"Na Bakili?"

"Mlisema bluu. Nikaona hata Mungu amenisitiri."

Benedikta aliisogeza picha nyuma kidogo na kuisimamisha. Mtu wa koti jeupe alikuwa amegeuka, shingo imepinda, gunia begani.

"Hapa uligeuka. Kwa nini?"

"Matarumbeta."

"Matarumbeta yalikuwa mbele yako, barabarani. Wewe umegeukia lango."

Benedikta alimtazama Shivani, naye Shivani, mkono ukisita, akafungua sauti ya pili.

Matarumbeta yalisikika kwa mbali, na vigelegele, na honi ya gari. Chini ya hayo yote kulikuwa na mshindo mwingine, mzito, usiofuata mdundo wa ngoma. Mtu alikuwa akigonga mbao kwa kiganja kilichofumbuliwa. Alinyamaza, akagonga tena.

"Zimeni," alisema Haruna.

Hakuna aliyezima.

"Nilidhani ameamka ananitaka tu, ili anigombeze. Ningemfungulia angeliona gunia. Nikasema niliweke kwanza mahali, halafu nirudi nimfungulie."

"Ulirudi?"

"Nilirudi," alisema Haruna. "Nilikuta watu wanapokezana ndoo."

Benedikta alimgeukia koplo. "Mpigie mrakibu. Mwambie Bakili atolewe."

Shivani alinyoosha mkono kuelekea kwenye kitufe cha sauti. Benedikta alimzuia kwa upole.

"Iache ifike mwisho," alisema. "Itanakiliwa yote."